Unakosa shabaha? Cheki kwanza kama ni wewe au ni bunduki

Hili swali haliishi: nikinunua bunduki nzuri nitapiga vizuri, au ni mazoezi tu? Wengi wanaouliza tayari wana karatasi mkononi imetobolewa ovyo, wanataka jibu moja la haraka, na wanaowajibu wako kambi mbili, hawa wanasema mkono ndo kila kitu, wale wanasema chuma kibovu hakina ufundi, na kila kambi ina mifano yake ya kweli kabisa. Mimi naona kubishana kwa ujumla hakumsaidii mtu. Karatasi yako ina habari ya kutosha kukwambia tatizo liko wapi, ukijua kuisoma, na matundu yanayotokana na mikono hayafanani na yanayotokana na skrubu iliyolegea.

Naandika hapa kuhusu kulenga shabaha kama mchezo, bunduki ya upepo, .22 (bunduki ya risasi ndogo, kipenyo cha inchi 0.22) na bastola ya mashindano, kwenye uwanja unaoruhusiwa. Na kila jaribio la hapa chini linaanza na silaha iliyohakikishwa kuwa tupu mpaka uwe kwenye mstari wa kupigia.

Kwanza hesabu moja, maana inaokoa hela nyingi

Watu wanadhani makosa yanajumlishwa, yaani bunduki inatawanya kidogo, mimi natawanya kidogo, jumla yake ndo kundi la matundu kwenye karatasi. Haiko hivyo. Makosa yasiyotegemeana yanajumlishwa kwa mraba: unazidisha kila moja kwa lenyewe, unajumlisha, halafu unatafuta kipeo cha pili. Maana yake kosa kubwa linalimeza dogo.

Chukua mfano wa mita 50. Bunduki peke yake, imefungwa kwenye vaisi, inatoa kundi la milimita 10. Wewe ukisimama unaongeza mtawanyiko wa milimita 40. Karatasi itaonyesha kama 41. Sasa nenda kanunue bunduki inayotoa milimita 5, yaani mara mbili ya ubora, na bei tunajua inavyopanda: karatasi inashuka mpaka 40. Milimita moja! Lakini ukibaki na bunduki ileile ukafanya mazoezi mpaka mtawanyiko wako ukashuka kutoka 40 kuja 20, karatasi inasoma 22.

Geuza upande wa pili. Mtu wa juu kabisa, amelala na mkanda umekaza, mtawanyiko wake ni milimita 8 tu. Akiwa na bunduki ya 10 anapata kama 13, akihamia ya 5 anapata chini kidogo ya 9 na nusu. Duara la kumi (la katikati, lenye alama kumi) kwenye .22 ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, kwa hiyo kwa huyu bunduki mpya ni tofauti ya medali, na kwa wa kwanza bunduki ileile ni hela imepotea bure. Ndo maana kambi zote mbili zina ushahidi, kila mmoja anaongelea kiwango chake.

Kwa hiyo kazi yako ni kujua kosa kubwa ni lipi leo, unalishughulikia hilo, likishuka lingine linakuwa ndo kubwa unahamia kwake.

Kutenganisha mtu na chuma

Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mbele na nyuma, siku isiyo na upepo, piga 10 kwenye karatasi moja bila kugusa skopu (darubini ya kulengea) wala saiti (vilengeo vya mbele na nyuma). Kumi, sio tatu. Kundi la risasi tatu ni bahati nasibu, linabana lenyewe tu kwa sababu hujaipa bunduki nafasi ya kuonyesha tabia yake, kwa wastani kundi la risasi 10 linakuwa kubwa karibu mara moja na nusu kuliko la risasi 3 kwa bunduki ileile na mtu yuleyule. Ndo maana ukiona mtu anatembea na picha ya matundu matatu yamegusana usinunue alichonunua kwa sababu ya picha ile.

Baada ya hapo piga 10 nyingine kwa pozi lako la kawaida, umesimama au umelala. Linganisha. Kama mifuko inatoa milimita 15 na ukisimama unatoa 60, acha kabisa kuangalia bei za bunduki, tatizo ni pozi na triga. Kama mifuko yenyewe inatoa 50, hapo bado hujui, maana hata juu ya mifuko mtu anaweza kuharibu kwa kuvuta triga vibaya au kubana kitako tofauti kila risasi, kwa hiyo mpe mtu anayejulikana anapiga vizuri apige 10 na bunduki yako na risasi zako. Akipata kundi zuri, ni wewe. Akipata baya, badilisha boksi la risasi kabla ya kumlaumu mwenye kiwanda. Akibadilisha risasi bado mbaya, sasa una ruhusa ya kushuku chuma.

Hili la mtu mwingine kupiga watu hawalipendi maana linaumiza, lakini ni la dakika kumi na linamaliza ubishi wa miezi.

Kundi limebana vizuri, ila liko pembeni

Hili sio tatizo, ni habari njema. Mkono uko sawa, bunduki iko sawa, saiti tu hazijasetiwa. Hesabu umbali kutoka katikati ya kundi (katikati ya kundi, sio tundu moja unalolipenda) mpaka kitovu, kisha zungusha. Skopu ya robo dakika ya nyuzi (1/4 MOA, kipimo cha pembe) inasogeza kama milimita 7 kwa kila klik ukiwa mita 100, yaani kama 3.6 kwa mita 50. Skopu za mili (kipimo kingine cha pembe), klik ya 0.1 ni sentimita moja kamili kwa mita 100.

Kosa linalofanyika hapa ni kufukuza risasi: imepiga kulia unazungusha kushoto, inayofuata imepiga kushoto unarudisha, mwisho hujui saiti ziko wapi na kundi lililokuwa zuri umelitawanya mwenyewe. Piga tano bila kugusa kitu ndo uzungushe.

Kama kundi limebana lakini mahali pake panabadilika siku na siku, soma ile sehemu ya skrubu chini.

Matundu yametapakaa kila upande, hayana umbo

Hii ndo karatasi ya watu wengi, na mara nyingi ni mtu. Naanza na macho kwa sababu ndo yanasahaulika.

Kama unatumia saiti za chuma bila skopu, jicho haliwezi kuona vizuri saiti ya nyuma, ya mbele na shabaha kwa wakati mmoja, lazima uchague, na wanaoanza wanachagua shabaha. Chagua saiti ya mbele, iwe kali kabisa, shabaha iwe na ukungu. Sababu ni hesabu ya pembe. Bastola yenye milimita 150 kati ya saiti mbili, ukikosea kupanga saiti ya mbele kwa milimita moja tu ndani ya ile nafasi ya nyuma, kwenye mita 25 risasi inaenda sentimita 16 na zaidi pembeni. Lakini mkono mzima ukiyumba milimita moja huku saiti zimepangana sawasawa, risasi inasogea milimita hiyohiyo moja. Yule anayehangaika kuzuia mkono usitetemeke anapigana na adui mdogo, adui mkubwa ni kupangana kwa saiti. Kutetemeka kupo kwa kila mtu, mpaka wa Olimpiki, wanachojua wao ni kuvuta triga bila kuharibu saiti wakati mkono unayumba.

Na bunduki ndefu ya saiti za chuma inasamehe zaidi kwa sababu hiyohiyo, saiti zikiachana milimita 500 kosa la milimita moja kwenye mita 50 ni sentimita 10. Hapo unaona kwamba kifaa kinachangia, ila kinachangia kwa kumrahisishia mtu, sio kwa kupiga badala yake.

Halafu triga. Bunduki ikiwa tupu, umecheki mara mbili na risasi ziko chumba kingine, lenga ukuta mweupe usio na kitu, vuta polepole, na angalia saiti ya mbele wakati nyundo inagonga. Ikiruka, umejibiwa. Kwa ukuta mweupe huna shabaha ya kukusumbua kwa hiyo unaona mkono wako peke yake. Zoezi hili halina gharama yoyote na mabingwa wengi wanalifanya sana. Angalizo moja, bunduki nyingi za .22 hazipendi kufyatuliwa tupu, pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo soma kitabu chake au tumia risasi bandia za mazoezi.

Ukiona unalenga muda mrefu mpaka picha inaanza kufifia, shusha bunduki. Zikipita sekunde 8 mpaka 10 misuli imeanza kuchoka na jicho linakuonyesha picha ya zamani, risasi inayolazimishwa hapo ni mbaya karibu kila mara. Kushusha na kuanza upya ni ufundi, sio udhaifu.

Pozi lina kipimo kizuri: jipange, lenga, funga macho, pumua mara mbili, fungua. Saiti zimehamia wapi? Hapo zilipohamia ndo mwili wako unapotaka kuelekea. Usizirudishe kwa kusukuma na mikono, sogeza miguu, au tumbo kama umelala, mpaka ukifungua macho ziko penyewe. Asiyefanya hivi kila risasi anaipiga huku misuli inavuta, na misuli haivuti sawa mara mbili.

Bastola inapiga chini kushoto

Kwa anayetumia mkono wa kulia. Kwa wa kushoto geuza, chini kulia. Hapa hata nikisemwa vibaya na mtu yeyote nitasema: usiguse saiti! Watu wanazungusha saiti za bastola nzima kabisa kwa sababu ya tabia ya mkono, halafu siku mkono ukitulia bastola inapiga juu kulia na wanasema bastola imeharibika.

Kinachotokea ni kwamba mwili unajua mlio unakuja, sekunde ndogo kabla ya kufyatua unakaza kiganja na kuisukuma bastola chini ili upambane na teke lake. Huwezi kuliona kwa sababu teke linalificha. Dawa: rafiki akujazie magazini kwa kuchanganya risasi za kweli na za bandia bila wewe kujua mpangilio. Ikifika ya bandia, bastola inabaki kimya na wewe unaona mdomo wake ukizama chini peke yake. Wengi hawaamini mpaka waone. Hapo unaendelea, moja ya kweli mbili za bandia, mpaka mdomo uache kuzama, yaani mkono usiogope tena. Na vaa kinga ya masikio nzuri, hata mbili kwa pamoja, maana kinachoogopwa mara nyingi ni mlio kuliko teke.

Ila hapahapa kuna kifaa cha kucheki. Bastola yenye uzito wa kilo moja na triga inayodai nguvu ya kilo tatu inapigana na mkono wowote ule. Linganisha na bastola ya upepo ya mita 10 ya mashindano ambayo kanuni inataka triga isipungue gramu 500 na bastola yenyewe isizidi gramu 1500. Triga nzito au yenye kukwaruza inaweza kumtesa mtu mwenye mkono mzuri kabisa, na fundi mwenye leseni anaweza kuirekebisha ndani ya kiwango salama. Usijaribu mwenyewe na tupa jikoni, tafadhali, triga iliyolegezwa ovyo inafyatuka yenyewe.

Na kipimo cha mshiko pia. Kidole kisipofika kwenye triga bila kuzungusha kiganja, kila ukivuta unasukuma bastola pembeni. Hilo ni kosa la kununua, sio la kupiga.

Matundu yamepangana juu na chini kama mstari

Upana mdogo, urefu mkubwa. Kwa mtu, pumzi ndo ya kwanza. Ukiwa umelala kifua kinaponyanyuka mdomo wa mtutu unashuka, kwa hiyo ukipiga pumzi ikiwa mahali tofauti kila mara unachora mstari wa wima. Toa pumzi, simama pale inapotulia yenyewe, piga. Ya pili ni bega, kitako kinakaa juu leo chini kesho.

Kwa vifaa, shuku kasi ya risasi isiyolingana. .22 ya kawaida inatoka na kasi ya mita 320 hivi kwa sekunde, na tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi inaleta kama milimita 7 za juu na chini kwenye mita 50. Kumbuka duara la kumi ni 10.4. Risasi za bei ya chini zinatofautiana zaidi ya hapo, kwa hiyo hata uwe umetulia kama mlima, kumi hazitakaa pamoja. Bunduki ya upepo ya mtungi (inayotumia hewa iliyojazwa kwa presha) ina ugonjwa unaofanana, presha ikishuka kupita kiwango au regyuleta, yaani kidhibiti cha presha, ikichoka matundu yanaanza kuteremka moja baada ya jingine.

Kuna na mtutu unaogusa mbao. Kama bunduki yako imetengenezwa mtutu uelee, pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikikwama mahali, mbao inausukuma mtutu, na ukipata joto unasukumwa zaidi, unaona kila risasi inapanda juu ya iliyotangulia. Acha ipoe, piga tena, kama inarudi chini umempata mwizi.

Matundu yamelala kulia na kushoto

Upepo kwanza. Upepo wa ubavu wa kilomita 16 kwa saa, ambao usoni unausikia tu kama upepo mzuri, unaisogeza .22 sentimita mbili na zaidi kwa mita 50. Anayepiga nje bila bendera hata ya utepe wa kitambaa, akalaumu bunduki, anaionea.

Ukiwa ndani hakuna upepo, basi ni kidole kinachovuta kwa pembeni badala ya nyuma moja kwa moja, au bunduki inalala. Bunduki ikiinama upande wa kulia risasi inaenda kulia na chini kidogo, na umbali unavyoongezeka ndivyo linavyokua. Kipimo kidogo cha usawa, chenye kiputo ndani ya maji, juu ya skopu kinamaliza hili, ni moja ya vifaa vichache vya bei ndogo vinavyomfaa anayeanza.

Makundi mawili kwenye karatasi moja

Hapa nabadilisha upande. Makundi mawili yaliyobana, yameachana, kwa kawaida ni chuma, na ndo mahali watu wenye vipaji wanakata tamaa bure wakidhani wao ni wabovu.

Kuna kitu kinakaa sehemu mbili. Skrubu za skopu, skrubu zinazofunga mtutu na mbao, au ndani ya skopu penyewe. Shika skopu kwa mkono, ijaribu kuitikisa kwa nguvu ya wastani. Piga alama ndogo kwa rangi ya kucha, nusu kwenye pete na nusu kwenye bomba la skopu, piga risasi 20, angalia kama alama bado imenyooka. Skrubu za kitako zikaze kwa kiwango alichoandika mtengenezaji, kwa bisibisi yenye kipimo, sio kwa hasira. Za bunduki ya springi (ya upepo, ambayo springi ndo inasukuma pistoni) cheki mara kwa mara zaidi, inatetemeka kwenda mbele na nyuma na inafungua skrubu na kuua skopu ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kama hakuna kilicholegea, angalia paralaksi, yaani msalaba kuhama ukisogeza jicho. Funga bunduki isitikisike, angalia ndani ya skopu, sogeza kichwa juu chini kulia kushoto bila kugusa kitu. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, basi kila ukiweka shavu mahali tofauti unalenga mahali tofauti. Skopu nyingi zisizo na kirekebishi zimesetiwa mita 90 hivi, ukipigia mita 10 au 25 utaona msalaba unacheza. Hapa mtu na kifaa wanachangia kosa moja: skopu inayorekebishika inalitibu, na shavu linalokaa palepale kila risasi linalitibu pia.

Risasi ya kwanza tu ndo inakosa

Mtutu ulisafishwa ukaachwa na mafuta. Futa kwa kitambaa kikavu, piga kadhaa za kuuzoesha kabla ya kuhesabu. Ukibadilisha aina ya risasi ni hivyohivyo, mafuta ya risasi moja na nyingine hayafanani, mtutu unahitaji risasi kadhaa kutulia. Kama sio mafuta, basi ni wewe hujaingia kwenye mchezo, fyatua tupu mara kadhaa kwanza.

Ilikuwa inapiga vizuri, ghafla imeharibika

Ujuzi haupotei usiku mmoja. Mtu anaweza kuwa amechoka au amelala vibaya, lakini kundi la milimita 15 haliwi 60 kwa sababu ya usingizi. Angalia chuma, na uanze na mdomo wa mtutu, maana ndo kitu cha mwisho kugusa risasi. Pamba ya masikio izungushe pale kwenye ukingo, ikinyofoka nyuzi mahali pamoja kuna kidonda.

Kuna mfano mzito wa hili. Matthew Emmons wa Marekani, kabla ya Olimpiki ya Athens 2004, alikuta bunduki yake haipigi inavyopiga siku zote, na ikaonekana kuna mtu aliuharibu mtutu kwa makusudi. Hakujiuliza kama amesahau kupiga, anajua risasi yake inatakiwa kwenda wapi. Akaazima bunduki ya mwenzake, akaenda nayo Athens akachukua dhahabu ya mita 50 kulala. Siku chache baadaye, mita 50 pozi tatu (kupiga magoti, kulala na kusimama), anaongoza vizuri kabisa imebaki risasi moja, akapiga kwenye shabaha ya jirani, sifuri, dhahabu ikaondoka. Beijing 2008, pozi tatu tena, risasi ya mwisho tena, kidole kikagusa triga mapema, akapata 4.4 na medali ikapotea. Mashindano hayo yana kila kitu: chuma kibovu ambacho ujuzi haukuweza kukiponya, chuma cha kuazima kikichukua dhahabu kwenye mikono ya anayejua, na mikono hiyohiyo ikikosea huku chuma hakina kosa lolote.

Jambo la kujifunza kwake ni lile la kujua risasi imeenda wapi kabla ya kuangalia karatasi. Jizoeze kutaja, ukiichukulia karatasi kama uso wa saa, "hii saa nane, pete ya tisa", halafu ndo uangalie. Ukitaja sawa mara nyingi, makosa yako unayaona, ni ya mkono. Ukitaja kumi na karatasi inasema saba, tena na tena, cheki chuma.

Nina bunduki ya springi, kila nikibana vizuri inakuwa mbaya zaidi

Usiibane. Pistoni inaenda mbele na bunduki inaruka kabla peleti (risasi ndogo ya bunduki ya upepo) haijatoka mdomoni, kwa hiyo ukiikamata kwa nguvu kila mshiko unabadilisha mruko. Iache ikae juu ya kiganja kilichofunguliwa, mahali palepale kila risasi, shavu likiguse kidogo tu. Wengi wanaosema springi hazina shabaha hawajawahi kuishika hivi. Anayeiweza springi akihamia kwenye bunduki ya mtungi anaona kama anaruhusiwa kuiba.

Kwa hiyo ninunue nini

Kama mifuko ya mchanga imeonyesha bunduki inabana kuliko wewe, nunua risasi za mazoezi na muda wa mwalimu. Baada ya hapo kitako kinachorekebishika, urefu na sehemu ya shavu, maana bunduki isiyokutosha mwili inakufanya ujikunje tofauti kila risasi na ukidhani ni ujuzi mdogo. Mtutu uwe wa mwisho kabisa.

Mwaka 2024 Paris, Yusuf Dikeç wa Uturuki alisambaa dunia nzima kwa kushika fedha ya timu mchanganyiko ya bastola ya upepo mita 10 pamoja na Şevval İlayda Tarhan, amevaa miwani yake ya kawaida, mkono mfukoni, na watu wakasema umeona, vifaa sio kitu. Angalieni tena picha ile. Mkono mfukoni ni kawaida ya wapiga bastola, unatuliza mwili. Na bastola aliyoshika ni ya mashindano, sio ya kuchezea. Alichokiacha ni vile vya ziada vya machoni, vya msingi hakuviacha. Ushahidi mzuri zaidi wa upande wa mkono ni Károly Takács wa Hungaria: mwaka 1938 bomu la mkono liliharibu mkono wake wa kulia aliokuwa anapigia, akajifunza upya kwa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi London 1948 na Helsinki 1952. Ujuzi wake haukuwa kwenye kiganja cha kulia peke yake, ulikuwa kichwani na kwenye jicho.

Nimefanya yote, kundi halipungui tena

Umetaja risasi na zinaenda unakotaja, mifuko na pozi zinatoa makundi yanayokaribiana, skrubu zimekaza. Sasa hapa ndo vifaa vinastahili hela, na cha kwanza bado sio bunduki, ni loti ya risasi, yaani fungu lililotengenezwa kwa pamoja. Kiwanda kilekile, boksi lilelile, jina lilelile, loti mbili tofauti zinaweza kupiga tofauti kabisa kwenye mtutu wako na zikageuka kwenye mtutu wa jirani. Eley na Lapua wana vituo ambako mtu anapeleka bunduki yake ya .22, inafungwa kwenye vaisi na kupigwa loti baada ya loti mpaka ipatikane inayoipenda. Usipoweza kufika huko, nunua boksi moja moja za loti tofauti, kumi kumi kwenye mifuko ya mchanga, siku moja, rudia siku nyingine, na ukiipata nunua ya msimu mzima kwa mpigo huku umeandika namba ya loti kwenye daftari, maana ikiisha, hata boksi likifanana mpaka rangi, unaanza kupima upya.